Joka la Wagiriki Lilikuwa na Kiwanja Chake

Mwaka 480 KK, jeshi la Waajemi likiwa njiani kuja kuuteketeza mji wa Athens, kuhani wa kike wa Athena, mungu mlinzi wa mji, alitoa tangazo lililowagusa wananchi kuliko hesabu yoyote ya meli za adui: mkate haujaliwa. Juu ya mwamba wa Akropoli kulikuwa na nyoka mkubwa aliyeaminika kuishi hekaluni na kuulinda mji. Kila mwezi alitengewa mkate wa asali, na kila mwezi mkate uliliwa ukaisha. Mwezi ule ulibaki kama ulivyotengwa. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba baada ya kusikia habari hiyo watu walikubali kuhama upesi zaidi, maana waliona hata mungu wao kishaondoka.

Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 500 baadaye, anatia pilipili: nyuma ya tangazo lile alikuwepo Themistocles, mwanasiasa aliyetaka watu waache nyumba zao wapande meli. Inawezekana kabisa. Lakini hila hufanya kazi pale tu inapokuta imani imeshakaa. Kinachonivutia mimi ni hoja aliyoiegemea, ambayo hakuna aliyeibishia: nyoka akiondoka, mwenye mji kaondoka, na waliobaki ni wapangaji.

Tumezoea kuambiwa kwamba nyoka wa Wagiriki wa kale alikuwa alama ya hekima, au ya uovu, kutegemea nani anaandika. Nadhani majibu yote mawili yanamkosa. Nyoka wa Wagiriki alikuwa mwenye mahali: mwenye chemchemi, mwenye kaburi, mwenye ghala, mwenye ardhi. Na hadithi zao za kuua joka, ambazo tunazisoma kama hadithi za ushujaa, ukizitazama kwa karibu ni mashauri ya viwanja.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Joka la sinema lina mabawa ya popo, miguu minne na moto unaotoka puani. Picha hiyo ni ya Ulaya ya zama za kati. Mgiriki aliposema "drakon" alimaanisha nyoka, ila mkubwa wa kutisha. Wachoraji wa vyombo vya udongo waliwapa mabawa nyoka wanaokokota gari la shujaa Triptolemos au la mchawi Medea, kwa kuwa gari lenyewe lilitakiwa liruke. Vinginevyo joka lao lilitambaa kwa tumbo kama nyoka yeyote. Hapa Kiswahili kimetuwekea akiba ambayo hatujui kama tunayo. Joka ni nyoka aliyekuzwa, kama jitu kwa mtu na jibwa kwa mbwa. Watafsiri wa Biblia walipofika Ufunuo sura ya 12 na kukuta "drakon" ya Kigiriki, waliandika "joka kubwa jekundu", wakawa wamelenga katikati kabisa. Lugha nyingi za Ulaya ziliazima neno lenyewe la Kigiriki, kisha zikalivisha mabawa.

Neno hilo lilihusishwa na kitenzi cha kutazama kwa jicho kali. Nyoka hana kope za kufumba. Hata akilala macho yako wazi. Mlinzi wa usiku asiyefumba jicho, nani asingemwajiri? Ndiyo maana joka Ladon lilipewa kulinda matofaa ya dhahabu ya akina Hesperides, na joka la Colchis likalinda ngozi ya dhahabu aliyoifuata Jason. Kuhusu hili la Colchis kuna bakuli la kunywea divai lililochorwa na Douris mwanzoni mwa karne ya 5 KK, ambalo leo liko katika makumbusho ya Vatican. Linamwonyesha Jason akining'inia kinywani mwa joka, nusu ndani nusu nje, amelegea kama nguo iliyolowa, na Athena amesimama mbele anatazama. Hakuna maandishi yaliyotufikia yanayosimulia tukio hilo. Tulichonacho ni simulizi ambayo Medea anamlaza joka kwa dawa na Jason anachukua mzigo wake salama. Mimi huliamini zaidi bakuli.

Jina lenyewe la Drakon liliwahi kubebwa na mtu, yule mtunga sheria wa Athens wa karne ya 7 KK aliyesifika kwa adhabu za kifo. Aristotle ananukuu utani wa zamani kwamba sheria zile hazikuwa za binadamu bali za joka. Utani wa wanasheria, lakini unaonyesha kwamba joka kwao lilikuwa kitu kinachokutazama na hakisamehe.

Sasa twende Delphi, mahali ambapo Wagiriki walimwendea mungu Apollo kuuliza mambo yajayo, kwenye shauri kubwa kuliko yote. Wagiriki walikubaliana kwamba kabla ya Apollo pale palikuwa na mwenyewe: Gaia, yaani Ardhi, na joka lililokaa karibu na chemchemi. Hawakukubaliana umiliki ulihamaje. Mwaka 458 KK, Aeschylus alifungua tamthilia yake ya Eumenides kwa sala ya kuhani wa Delphi, na sala ile inasomeka kama hati ya mirathi. Ardhi alikuwa wa kwanza, akafuata binti yake Themis, kisha Phoebe, naye Phoebe akampa Apollo kama zawadi ya kuzaliwa. Kila kitu kwa hiari, hakuna aliyelazimishwa, joka halitajwi hata mara moja. Zaidi ya miaka 40 baadaye Euripides akaandika kinyume. Kwake yeye Apollo, angali mtoto wa kubebwa, aliua joka lililokuwa likilinda mahali pa Ardhi, na Themis akafukuzwa. Ardhi akakasirika kwa niaba ya binti yake, akaanza kutuma ndoto za usiku zilizowaambia watu mambo yaliyopita na yajayo, hivyo hapakuwa na haja ya kwenda Delphi tena. Biashara ikadorora. Apollo akakimbia mpaka Olympus, akakishika kiti cha Zeus kwa mkono wake mdogo, akalalamika. Zeus akacheka kuona mtoto alivyokimbilia ibada zenye dhahabu nyingi, kisha akazima zile ndoto.

Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia mgogoro wa ardhi atazitambua nyaraka hizi mbili. Moja imeandikwa na upande uliokwisha kukaa ndani. Nyingine inakumbuka kwamba mwenye kiwanja alipinga, ila malalamiko yaliyofika juu yalikuwa ya mvamizi, na aliyeko juu alikuwa baba yake.

Wimbo wa kale wa kumsifu Apollo una utetezi wake: joka lile, ambalo humo ni jike na halina jina, lilikuwa janga kwa watu na mifugo. Sawa. Sijasikia bado mtu anayehamisha mwenzake akasema aliyehamishwa alikuwa jirani mwema. Baada ya kulipiga mshale, Apollo analiambia lioze pale pale, na wimbo unasema jina la Pytho lilitokana na kitenzi cha kuoza. Jina la kuhani, Pythia, limetoka huko. Yaani mahali patakatifu kuliko pote Ugiriki paliendelea kubeba jina la mzoga, na mwanamke aliyesema kwa niaba ya Apollo aliitwa kwa jina la aliyeuawa.

Na Apollo alilipa. Ilibidi aende bonde la Tempe, huko Thessaly, kutakaswa damu. Delphi waliigiza jambo hilo kila baada ya miaka 8: banda linajengwa, mvulana anapelekwa, banda linachomwa moto, meza inapinduliwa, na waliochoma wanakimbia bila kugeuka nyuma. Plutarch, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani wa Delphi, ameandika mazungumzo ambamo msemaji mmoja anashangaa: banda lile halifanani na pango la nyoka hata kidogo, limejengwa kwa mfano wa nyumba ya mfalme. Kwa maoni yangu hakuna sentensi nyingine inayosema wazi kiasi hicho walichokuwa wanakijua. Waliochoma banda walikimbia kama watu waliochoma nyumba ya mwenyewe.

Cadmus alilipa zaidi. Alipofika mahali pa kujenga Thebes alituma watu wake wachote maji ya tambiko kwenye chemchemi. Chemchemi ilikuwa ya Ares, mungu wa vita, na mlinzi wake alikuwa joka. Likawaua watu wake, naye akaliua. Kwa ushauri wa Athena akapanda meno yake ardhini, wakachipuka wanaume wenye silaha, wakauana wao kwa wao mpaka wakabaki watano, na hao watano ndio mababu wa koo kubwa za Thebes. Fikiria maana yake: wenye mji ni meno ya joka, na mwanzilishi ndiye mgeni. Cadmus alimtumikia Ares miaka 8 kufidia. Hata hivyo deni halikuisha. Mwishoni mwa tamthilia ya Bacchae ya Euripides, mzee Cadmus anaambiwa kwamba yeye na mkewe Harmonia watageuka nyoka. Aliyeliua joka la mahali anaishia kuwa joka.

Heracles naye aliikata vichwa Hydra ya Lerna, joka la majini lenye vichwa vingi, kisha akachovya mishale yake katika nyongo yake. Ushindi wa busara, mtu angesema: silaha ya bure. Miaka ikapita. Mshale mmoja ulimuua Nessus, kiumbe nusu mtu nusu farasi, na damu ya Nessus iliyochanganyika na sumu ile ikapakwa kwenye vazi ambalo mke wa Heracles alimpelekea akidhani ni dawa ya mapenzi. Vazi lilimla nyama mpaka akaomba achomwe moto akiwa hai. Hydra alichukua muda, lakini alifika.

Sidai kila muuaji alilipa. Perseus aliua mnyama wa baharini, akamwoa Andromeda na kuishi vizuri. Lakini mnyama yule hakuwa mwenyeji wa mahali, alitumwa. Tofauti hiyo nadhani ina uzito.

Kwa nini nyoka ndiye awe mwenye ardhi? Anaishi shimoni, na shimoni ndiko waliko waliokufa. Katika michongo ya mawe ya Sparta ya karne ya 6 KK wafu waliotukuzwa wamekaa vitini kama wafalme, na nyoka mwenye ndevu anasimama nyuma ya kiti. Mwaka 219 KK mfalme Cleomenes wa Sparta alifia uhamishoni Alexandria, na maiti yake ikatundikwa. Siku chache baadaye nyoka alionekana amejizungusha kichwani mwake, na umati ukaanza kumwita shujaa na mtoto wa miungu. Plutarch anaeleza kwamba wenye elimu waliwatuliza watu kwa nadharia: uboho wa maiti ukioza hugeuka nyoka, kama mzoga wa ng'ombe unavyotoa nyuki. Elimu ya siku zile ilikuwa hivyo.

Nyumbani mambo yalikuwa ya kawaida zaidi. Zeus, mfalme wa mbinguni mwenye radi, alikuwa na sura nyingine ambayo hatufundishwi sana. Katika bandari ya Piraeus wamechimbua mawe ya nadhiri ya karne ya 4 KK yaliyochongwa kwa ajili ya Zeus Meilichios, na juu yake kuna nyoka mkubwa aliyejikunja, peke yake, bila mzee mwenye ndevu wala radi. Zeus wa ghala, mlinzi wa akiba ya familia, naye alifikiriwa kama nyoka. Ukiwa na ghala la nafaka una panya, na ukiwa na panya nyoka ni rafiki. Sidhani kama tunahitaji falsafa kubwa kuliko hiyo kuelezea ilikoanzia.

Athens waliligeuza wazo hili kuwa siasa. Mfalme wao wa kwanza, Cecrops, alichorwa mtu kiunoni kwenda juu na nyoka kwenda chini. Mfalme Erichthonius alizaliwa na udongo wenyewe, na nyoka wakawekwa kumlinda, ndiyo maana, anasema Euripides, watoto wa Athens walivishwa nyoka wa dhahabu. Waathene walijivuna kuwa hawakuhamia kutoka popote, waliota pale. Mkia wa Cecrops ulikuwa kitambulisho. Mwaka 451 KK Pericles alipitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni Waathene, na mgeni mkaazi, hata awe tajiri kiasi gani, hakuruhusiwa kumiliki ardhi bila kibali maalumu. Katika mji huo, kuwa na nyoka katika ukoo halikuwa pambo.

Na ukoo wa namna hiyo unaweza kugeuka ndani kwa ndani. Katika tamthilia nyingine ya Aeschylus, Clytemnestra, aliyemuua mumewe Agamemnon, anaota amezaa nyoka, akamfunga nepi kama mtoto na kumnyonyesha, na nyoka akanyonya maziwa yenye bonge la damu. Mwanawe Orestes anapoisikia ndoto anasema: nyoka yule ni mimi. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshamwita mama yake fira aliyemnyonga baba. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema sisi. Aeschylus aliifanya tamthilia nzima.

Mtu anaweza kuniuliza: na yule nyoka wa hospitali? Nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, ambaye yuko hata katika nembo ya Shirika la Afya Duniani, ni wa Asclepius, mungu wa tiba. Kwake Epidaurus wagonjwa walilala usiku mmoja ndani ya jengo takatifu wakisubiri ndoto, na nyoka wasio na sumu walitembea sakafuni. Maandishi ya mawe ya karne ya 4 KK yanasimulia mtu aliyekuwa na kidonda kibaya cha kidole cha mguu. Alilala nje mchana, nyoka akatoka ndani, akamlamba kidonda, akarudi zake. Mtu akaamka mzima, akisema ameota kijana mzuri anampaka dawa.

Wazungu wengi wa leo huona ajabu kwamba mnyama wa sumu awe mnyama wa tiba. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Kigiriki kilikuwa na neno moja, "pharmakon", kwa kinachoponya na kinachoua. Sisi tuna dawa ya malaria na dawa ya panya, na hatuoni mkanganyiko wowote. Mshairi Homer anapomlinganisha Hector anayemsubiri Achilles na joka linalomsubiri mtu mlangoni mwa shimo lake, anasema joka hilo limekula "dawa mbaya", kwa neno hilo hilo. Asclepius mwenyewe, inasimuliwa, alipewa damu ya Gorgon, yule mwenye nywele za nyoka: ya mshipa wa kushoto aliulia, ya mshipa wa kulia aliponyea. Dawa inatoka ardhini, kwenye mizizi, na nyoka ndiye mwenye funguo za huko.

Tena nyoka hazeeki, au ndivyo walivyoona. Gamba analolivua Kigiriki kililiita "geras", na neno hilo hilo ndilo la uzee. Tanzania mwaka 2011, chama tawala kilipotangaza kujivua gamba, Mgiriki wa kale angesikia kwamba kinajivua uzee, na angetaka kujua kimefanikiwaje. Nicander, mshairi aliyeandika juu ya sumu na wadudu, ana kisa chake. Zeus aliwapa wanadamu ujana wa kudumu, nao kwa uvivu wakambebesha punda. Punda akashikwa na kiu, na kama Aelian, mwandishi wa habari za wanyama, anavyokisimulia kisa hicho hicho, akafika kwenye maji, akamkuta nyoka anayalinda. Nyoka akataka malipo, na malipo yakawa ule mzigo. Tangu hapo nyoka hujivua uzee, na sisi tunauvaa mpaka mwisho. Angalia tena kilichotokea: tulifika kwenye maji ya mwenyewe, na mwenyewe akatoza.

Imani nzito kiasi hiki haikosi wachuuzi. Karne ya 2 BK, katika mji wa Abonoteichus kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, mtu aliyeitwa Alexander alitangaza kwamba Asclepius amezaliwa upya kama nyoka, jina lake Glycon. Mwandishi Lucian, aliyemchukia kwa moyo wote, anaeleza mitambo. Nyoka alikuwa wa kweli, mpole, amenunuliwa Pella, lakini kichwa chake kilifichwa kwapani mwa nabii na kichwa cha kitambaa chenye sura ya mtu kikatokeza badala yake, kinywa kikivutwa kwa nywele za farasi. Mirija ya makoo ya korongo ilipitishwa ukutani ili msaidizi aongee kutoka chumba cha pili. Jibu moja lilikuwa drakma moja na oboli mbili. Glycon aliingia hadi kwenye sarafu, na mwaka 1962 sanamu yake ya marumaru ilichimbuliwa Constanța, Romania, imejikunja vizuri, nywele ndefu, masikio ya mtu, uso wa kondoo mpole. Lucian anacheka, nami nilicheka naye niliposoma mara ya kwanza. Siku hizi najiuliza watu wale walikuwa wamepoteza nini hata wakahitaji mwenye mahali wa kununua.

Wakati Glycon anazaliwa, joka lingine lilikuwa limeshaandikwa. Mwishoni mwa karne ya 1 BK, Yohana wa Patmo aliyaandikia kwa Kigiriki makanisa saba ya Asia. Mojawapo lilikuwa Pergamo, mji wenye hekalu kubwa la Asclepius na sarafu zenye nyoka, wakristo wake wakizishika sokoni kila siku. Katika barua hiyo, ndiyo Ufunuo, "drakon" na "nyoka wa zamani" wamekuwa mmoja, naye ni Ibilisi, adui asiye na chake popote. Anapigana mbinguni, anashindwa, na adhabu anayopewa ni kutupwa chini katika nchi. Yohana alikuwa anafikiri kwa Kiebrania, na kwake huko chini ni kufedheheka. Lakini alikuwa anaandika kwa lugha ya Delphi, na natamani ningeuona uso wa mzee yeyote wa Pergamo, aliyekuwa amebatizwa juzi tu, alipoisikia ikisomwa kwa sauti: joka limetupwa ardhini. Kwao, huko ndiko kwake.